Vidato Mia na Arobaini na Vinne

Lifti ya jengo letu ilikufa kabla sijaota ndevu,
na Gyumri una mengi ya kutengeneza kabla ya lifti.
Kwa hiyo kila Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi,
shemasi Vardges hupanda hadi ghorofa ya nane,
hugonga mara moja kwa kifundo cha kidole,
na mama yangu hujibu kutoka kitini:
"Ingia, ewe winchi ya Mungu."

Humpima kwa macho kwanza. Sidhani kama anajua anampima.
Miguu upana wa mabega. Pumzi moja ndefu, tumbo likakazwa.
Kisha kiti, mama, blanketi, kitabu cha zaburi
na mkoba ambao mama hakubali kuuacha nyumbani,
vyote juu, kifuani, kana kwamba ni pamba.
Mimi niko nyuma yake. Nauona mshipa wa shingo.
Si pamba.

Wavulana wa rika langu tulikuwa na picha yake ukutani:
Vardges Tonoyan, uzani wa kilo mia na tano, fulana nyekundu,
chaki mapajani, vyuma juu ya kichwa,
kinywa wazi kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolitarajia.
Medali ya fedha. Magari yalipiga honi hadi alfajiri.
Baba, ambaye hakunipongeza hata siku ya harusi yangu,
alilia jikoni akakisingizia kitunguu.

Miezi mitano baadaye ikaja barua.
Vile vidonge kocha alivyoviita vitamini
vilikuwa na jina jingine, refu, la maabara.
Medali ikarudishwa kwa posta, ndani ya soksi,
kwa kuwa hakuna aliyempa boksi.
Picha zikabanduliwa. Yangu niliichana mwenyewe,
vipande vinne, halafu vinane.

Sitasema alimulikwa njiani akaanguka kifudifudi.
Mwenyewe hasemi hivyo. Anasema tu
kwamba baridi ile alipata kibarua cha kushusha mkaa kanisani,
na kasisi mzee, Ter Nshan, alipomwona na magunia mawili kwa mpigo
alimwambia: "Moja moja, mwanangu. Hapa hakuna anayehesabu."
Akaketi juu ya gunia. Hakuinuka hadi giza lilipoingia.

Sasa ni mwaka wa kumi na tisa.
Mikate kwa wanaoishi bado kwenye vibanda vya bati kule relini,
kuni, dawa za kisukari, jeneza la Siranush
ambalo walilibeba watu watatu tu,
maana wanaume wengine wako Urusi, wanajenga nyumba za watu.
Jioni, chini ya ukumbi wa kanisa, hufundisha watoto kunyanyua vyuma.
Somo la kwanza halina chuma. Huwaketisha sakafuni:
"Mimi nilidanganya. Mgongo ulijua, mdomo ukanyamaza."
Mtoto mmoja aliuliza, medali iko wapi sasa?
"Kwa mwenyewe," akasema, akaanza kuwapaka chaki.

Diski mbili za uti wake zimelika.
Daktari amemkataza hata ndoo ya maji.
Nilimwambia siku moja: niachie, ni mama yangu.
Akaitazama mikono yangu ya karani, akacheka bila dharau,
akanigawia mguu mmoja wa kiti.
Tangu hapo nabeba mguu mmoja wa kiti.

Ghorofa ya tatu tunatua. Mama hajachoka, bila shaka.
"Jukwaani," aliniambia pale, paji limelowa,
"ukishaviinua unasimama navyo juu, unangoja.
Kisha inalia: shusha.
Hicho ndicho nilichokipenda. Si kuinua, bwana.
Kuruhusiwa kushusha."
"Na hapa, nani anakuruhusu?"
Mama akadakia, akirekebisha kitambaa chake:
"Hapa kengele ni ya kanisa, na imeshalia."

Miguu upana wa mabega. Pumzi.
Vilibaki hamsini na vinne.