Saa Kumi Kasorobo

Kompyuta ya marehemu Mhina hujiwasha yenyewe,
saa kumi kasorobo, Makorora imelala.
Feni hukohoa, kioo hutupa buluu ukutani.

Jirani Mwanjaa alileta ubani.
Mimi nilichomoa kipanya, nikachomoa kibodi,
nikachomoa waya wa mtandao. Wapi!
Nikaulaumu umeme, huu wa kukatika na kurudi.

Jana fundi Semhando wa Barabara ya Nane
akaingia kwenye mipangilio,
mle mwenye maandishi matupu yasiyo na picha,
akacheka: "Mama, jini huyu ana ratiba.
Kuna mtu kaitegea saa."

Nikakumbuka mitihani ya darasa la saba,
alivyokuwa akiichapa kabla ya adhana,
shuka mabegani.

"Niiondoe?"

Nikamwambia
anywe chai kwanza.