Jasho Lisilolipwa

Wanasema, kula kwa jasho lako.
Lau mimi ningekula kwa jasho langu
ningekuwa na ghorofa Milimani,
maana hunitoka nikiwa nimekaa,
hunitoka nikisali,
hunitoka mwezi wa saba, alfajiri,
wakati Kibuye nzima imejitanda leso
na mwuza uji ndiye mwenye joto peke yake.

Darasa la nne, mwalimu Obuya
aliliinua daftari langu kwa ncha za vidole viwili
akauliza ni nani amelivua ziwani.
Walicheka hadi kengele.
Siku ile nilijifunza kulaza karatasi chini ya kiganja,
na karatasi nyingine chini ya hiyo,
na kuandika mbio kabla wino haujaanza kutambaa.

Tangu hapo nina elimu isiyo na cheti:
nyeusi husitiri, kijivu husengenya,
buluu ya mbingu ni msaliti.
Poda ya mtoto viganjani, lakini kidogo,
isije ikawa uji.
Hanchifu mbili: moja ya kuonyesha, moja ya kazi.
Na kwenye matanga, kabla ya ile foleni ya mikono,
shika chupa ya soda baridi.
Watadhani ni chupa.

Daktari alinipa dawa ya kupaka usiku.
Iliwasha kama upupu, ikasaidia wiki tatu.
Akaniambia, Felgona, huu si ugonjwa wa kuua.
Nikamjibu kimoyomoyo: wala si wa kuishi nao.

Na katika kazi zote za dunia
nikachagua cherehani.
Usiniulize. Mkono hupenda unachokipenda.
Sindano huota kutu kwangu kabla ya Ijumaa,
na satini nyeupe, hiyo ndiyo hakimu:
tone moja tu, na litakaa pale
kama alama ya kofi kwenye shavu la mtoto.
Hushona satini usiku, feni usoni,
miguu ndani ya karai la maji,
na jirani yangu Nereya, mwuza vitenge, husema
huyu mwanamke ana madoido.

Alhamisi akaja bibi harusi kutoka Ahero.
Akeyo. Kucha safi, maneno machache,
viwiko vimebana mbavu
kama mtu aliyeficha mayai ya kuku.
Nikamwambia, inua mikono nipime kifua.
Akatazama mlango.
Inua, binti, futi haina macho.
Akaomba nishushe pazia.
Kisha, kwa sauti ya kupita tundu la sindano:
Dada, kuna namna ya kushona
lisionekane?

Sikumwambia pole.
Pole nimepewa za kujaza gunia.
Nilifungua vifungo viwili vya blauzi yangu
nikamwonyesha kwapani, kwa ndani,
kile ambacho hata mume wangu hudhani ni kiraka:
nusu mwezi wa pamba, tabaka tatu,
umeshikwa kwa vifungo vidogo vinne.
Saa sita unaubandua, unaweka mkavu.
Blauzi zangu zote zina miezi.

Akaugusa. Ulikuwa umelowa chepechepe.
Hakuondoa mkono,
na mkono wenyewe, nikahisi,
ulikuwa umelowa kuliko mwezi.

Tulicheka, jamani! Nereya akagonga ukuta
akitaka kujua nani kasema nini.

Nikamkatia kumi na mbili,
sita za kanisani, sita za karamu.
Bei ya gauni niliiandika kitabuni.
Bei ya miezi sikuiandika.

Alipofika mlangoni akageuka.
Na pete, je? Atanivishaje, vidole vikiwa hivi,
watu wote wakitazama?

Nikashika uzi kwa meno, nikaukata.
Pete, nikamwambia,
huingia vizuri kidole kikilowa.