Benchi la Nyawera

Ni la simenti, na lilikuwa na mbao mbili za kuegemea.
Moja iliondoka usiku, mwaka ule makala yalipopanda bei,
na hakuna aliyeuliza ilipikia maharage ya nani.

Mie nauza mayunite ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli,
mwaka wa sita huu. Sijawahi kulikalia.
Lakini watu nawasoma kwa namna wanavyokaa.

Wa kwanza hukaa pembeni, daima.
Wa pili hukaa pembe ya pili,
na katikati huwekwa mkoba, mkungu wa ndizi,
chochote kisichopumua,
ili nafasi ionekane ina mwenyewe.
Wa tatu husimama, akitazama simu isiyolia.

Mwalimu Zihindula hupangusa kabla ya kukaa.
Akiinuka, hupangusa tena.
Nilimcheka mwaka mzima
mpaka nikang'amua: ule mpanguso wa pili
ni wa mtu mwingine.

Askari akikaa, benchi limejaa.
Yuko peke yake, na limejaa.
Siku moja alivua kofia, akaweka mandazi ndani yake,
akala taratibu kama mtu wa nyumbani kwao.
Mtoto wa shule akaja, akakaa ubavuni pake, akapewa moja.
Huyo hajaambiwa bado.

Wapenzi wa mchana huacha upana wa kiganja kati yao.
Umeme ukikatika
kiganja kinapata kazi nyingine.

Jumanne M'Bagalwa alipanda kutoka ziwani
na beseni la sambaza kichwani, shingo imezama mabegani.
Benchini walikuwa wanne, na mizigo yao imeketi vizuri.
Kila mmoja aliona kitu cha maana mbinguni.
Akatua beseni chini, akaikanda shingo, hakusema neno.

Aliyesema ni Kapita,
yule anayelala chini ya benchi hilo,
ambaye sauti yake hatukuwahi kuisikia:
«Sogeeni.»

Wakasogea. Hata hawakubanana.
Kumbe nafasi ilikuwepo tangu asubuhi,
ya M'Bagalwa, ya beseni,
na ya Kapita mwenyewe kama angetaka.

Nilitikisa kichwa. Watu hawa!
Kisha nikageuka kutafuta chenji.
Kando ya kiti changu kuna kreti la biya, tupu, imara,
lingeweza kumkalisha mtu.
Juu yake, mwaka wa sita huu,
nimeweka mfuko wangu.