Mrija

Miaka ishirini na sita, kiwandani Tororo,
nimepumua saruji.
Daktari ananionyesha picha ya kifua changu:
hapa pameganda, mzee Obbo, na hapa.
Nikamwambia, pameganda kupita hapo.

Kwetu mrija wa pombe ni wa mtu.
Unaukata mwenyewe, unaukausha juu ya moshi,
unausukia kichujio nchani,
unaujua kama unavyojua viatu vyako gizani.
Chungu kimoja, maji ya moto, wanaume tisa,
mirija tisa imeinama
kama shingo za ndama kwenye hori.
Wa kumi ulikuwa wa Oketcho, mwanangu.

Niliuvunja mimi.
Si polisi, si mchungaji, si mwenye nyumba kule Mbale
aliyetupa godoro lao uani mvua ikinyesha.
Mimi. Niliupiga gotini mara mbili
mbele ya wanaume wanane,
na mmoja akasema, umefanya vyema,
na pombe ya jioni ile
haikuwa na ladha ya ulezi.

Nilitafuta neno la kumwita.
Kwenye lugha ya mama yangu nikakuta tusi.
Kwenye Kiswahili, lugha yetu ya zamu ya usiku,
nikakuta mawe matatu, yote ya kurusha.
Redio ikasema ni jambo lililokuja na ndege.
Lakini Ogwal, Mlangi wa Lira,
tuliyepakia naye mifuko,
alisema bibi yake alimjua mmoja:
mwanaume aliyekaa na mume,
akalima, akapika,
na alipokufa walimlilia kwa ngoma zilezile.
Nikauliza, walimwitaje?
Walikuwa na jina lake, akasema. Halikuwa tusi.
Akainua mfuko wake akaenda.
Mfuko ule, kilo hamsini,
mimi sijautua mpaka leo.

Kikohozi kilipoangusha mwili
mabinti zangu walikuwa Juba na Kampala.
Oketcho alipiga simu, akaogopa kuja;
kijiji kilishaapa.
Akaja Magidu.
Yule. Mgisu, fundi wa friji, mikono mirefu.
Wiki tatu alilala juu ya boksi chini ya kitanda changu,
akaniogesha bila kugeuza uso
wala kujifanya haoni.
Usiku alinisomea bei za ulezi kwenye simu,
kwa sababu nilimwambia sitaki dua.

Siku ya nne nikamuuliza:
wewe ni nani kwangu?
Alifikiri, kitambaa kikidondoka maji.
Mimi ndiye ninayejua Oketcho hulalia upande gani, akasema,
na kwamba akiota, anakuita wewe.

Nikageukia ukuta.
Ukuta wa hospitali una nyufa nyingi,
nilizihesabu zote.

Msidhani nimeelewa.
Kuna vitu ninavipita kama ninavyoupita mwamba wetu:
upo, nilizaliwa nikaukuta,
sijawahi kuupanda,
na sijawahi kuuambia uondoke.
Mwana nilimwambia aondoke.

Leo nimekata mrija mwingine.
Nilikosea kipimo mara ya kwanza,
nimesahau urefu wa mkono wake.
Kati ya wale wanane, sita hawakuja.
Mmoja alituma mtoto kusema ana mgeni.
Wawili wamekuja, wameketi karibu na njia
ili waweze kuondoka haraka.
Magidu hanywi, dini yake haitaki;
nimemtilia chai ya tangawizi
kwenye kikombe changu cha kiwandani, kile cha bluu,
ambacho hata mke wangu, Mungu amrehemu, hakukigusa.

Oketcho amesimama penye ua wa minyaa.
Amenenepa kidogo. Ana mvi moja, au ni jua.
Sina hotuba.

Maji yamechemka, nimeyamimina.
Ulezi unapanda polepole, unatoa povu.
Mrija wako bado mbichi, mwanangu,
siku za mwanzo utaonja majani.
Ndivyo ilivyo mirija yote.