Kulateni

Micheweni, nyuma ya nyumba ya Bi Kaije,
jembe halizami. Linalia, linarudi.
Chini ya shubiri moja ya udongo pana jiwe,
na chini ya jiwe, jiwe jengine.

Shimo hili lilikusudiwa choo.
Marehemu Shaame alichimba siku tisa kwa mtaimbo,
siku ya kumi akautua, akasema: Basi.
Masika yakaja yakalijaza, hayakualikwa.
Asubuhi bata wa jirani wamo,
wanaogelea kama wenye hati ya kiwanja.

Bi Kaije hakulifukia.
Alitandika turubai kuukuu la kuanikia karafuu,
akapanga mawe ukingoni, ngazi kwa ngazi,
akatia perege sita wa kula viluwiluwi.
Mwanamize wa nyumba ya pili akachungulia uani:
"Maji ya kunywa twayafuata kwa dumu,
weye wayaweka ya kutazama?"

Hakujibiwa. Mwenzake alikuwa anahesabu.

Maana hapa kila tone lina kazi mbili, na jengine tatu.
Maji ya kuoshea mchele huteremkia mrehani.
Maji ya udhu hupita kwenye bomba lililopasuliwa,
yakaishia kwenye majimbi:
hayafai tena kwa udhu wa pili,
lakini jimbi haliswali.
Mabilingani kayapandia makumbi,
shimo la goti, makumbi ndani, udongo juu;
makumbi hunywa kwa pupa, hutoa kwa ubahili.
Kwenye mpapai kazika mtungi wa udongo,
mdomo juu, kaufunika kwa kifuu asiingie panya.
Mtungi hutoka jasho chini kwa chini.
Mchana wa kaskazi hamwagilii, mchana ni wa jua.
Humwagilia baada ya alfajiri, kwa kata, shinani.
Majani, asema, hayana koo.

Mjukuu wake Chumu, wa darasa la nne,
kasoma chuoni habari ya kulateni:
maji yakifika dhiraa na robo urefu,
dhiraa na robo upana,
dhiraa na robo kina,
hayanajisiki kwa kuguswa,
maadamu hayakugeuka rangi, ladha wala harufu.
Akaja mbio, msahafu kifuani:
"Bibi, yetu ni kulateni?"
Na dhiraa ni nini? Kiwiko hadi ncha ya kidole.
Kiwiko cha nani?
Akalaza mkono wake mwembamba juu ya jiwe,
akapima, akapima tena, akaruka:
kulateni na zaidi!
Bata mmoja, kwa kuthibitisha, akanya humo humo.

Hiyo ilikuwa Mei.

Februari maji yameshuka ngazi sita.
Turubai limetoka nje, limekakamaa, linapasuka kwenye mikunjo.
Yamejitokeza: kijiko, ndara moja ya kushoto,
na ufunguo wa sanduku uliosakwa tangu matanga ya Shaame.
Bi Kaije kaufunga kwenye pindo la kanga. Hakusema neno.
Kasimamisha makuti juu ya kilichobaki
ili jua lisinywe peke yake.

Mwanamize naye kaja, ndoo mkononi, macho chini:
miche yake ya pilipili inaungua.
"Chota kata tano. Na makumbi uchukue."
Kata tano kazihesabu kwa sauti, yeye mwenyewe,
na ya tano kaimimina nusu, nusu kairudisha.

Chumu kapiga magoti, kazamisha mkono mpaka chini.
Mwaka jana, mwezi kama huu, maji yalipita kiwiko.
Leo yako chini yake, vidole viwili.
Akatazama maji. Akatazama mkono.
"Bibi, yamepungua haya, au miye nimekua?"

Bi Kaije yuko kwenye mpapai, kainama,
kidole ndani ya mtungi.
Akakitoa, akakitazama.
"Lete kata," asema.
"Moja. Isijae."