Kaniki Anakataa Kupanda

Miaka ishirini na tisa nimewakatia watu tiketi
kwenye dirisha la stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli:
Uvinza, Kaliua, Tabora, Dodoma,
majina ya kule wanakokwenda wengine.
Ziwa lilikuwa mgongoni kwangu. Sikugeuka.
Foleni haina huruma.

Kiinua mgongo kilitoka mgongo ukiwa umeshapinda.
Binti yangu Skolastika akasema, fungua duka.
Nikanunua boti.
Boti gani! Mbao zilizozibwa na kuzibwa tena,
injini inayokohoa asubuhi kama mvuta kiko,
na mbwa mweusi aliyenifuata kutoka mwalo wa Kibirizi
na kichwa cha mgebuka mdomoni, bila haya.
Hakulipa nauli. Nikamwita Kaniki.

Bitabana, fundi wa injini, alisema:
"Mbwa botini ni mkosi, mama."
Nikamjibu mkosi ni kuzeeka umekaa.

Tunakwenda kusini. Kaskazini kuna hifadhi,
huko mbwa haruhusiwi kugusa mchanga hata kwa ukucha,
na sisi wawili hatupendi kuomba.
Alfajiri tunaipita Ujiji, wavuvi wa dagaa wanazima taa,
tunaupita mdomo wa Malagarasi,
maji yanageuka chai ya maziwa,
halafu yanarudi kuwa kioo, unahesabu mawe chini.
Kaniki amesimama omoni,
anausoma upepo kwa pua
kama karani anayehakiki sahihi.

Kuna fukwe huko hazina jina,
au zilikuwa nalo, likaondoka na mtu.
Nyingine ni ndogo, upana wa kanga mbili,
changarawe zinalia ukizikanyaga.
Kwenye moja nyani walituibia muhogo wote.
Kaniki alibweka hadi sauti ikamkauka;
wao wakala wakimtazama, taratibu,
kama wenye nyumba wanaomsikiliza mpangaji.

Jumanne ile aliruka kabla sijazima injini.
Majani yakammeza. Nikamfuata nikitukana,
viatu mkononi,
na njia ilikuwepo.
Nyembamba, ya mguu mmoja,
imefunikwa lakini haijafutika.
Ikavuka kijito, ikapanda, ikazunguka kichuguu
kama vile kichuguu kiliikuta,
ikatutoa kwenye michikichi kumi na mmoja, mstari mmoja.

Michikichi haijipangi.

Chini yake mafiga matatu, moja limelala.
Kipande cha chungu. Mchwa. Basi.

Mama yangu alihamishwa mwaka sabini na nne,
wakapakiwa wao na mikeka yao na kuku,
wakashushwa barabarani, wakaambiwa hiki ni kijiji.
"Tulikotoka kulikuwa na michikichi," alisema mara moja,
akichambua mchele.
Sikuuliza ni ufukwe gani.
Nilikuwa nawahi zamu.

Sisemi ndipo hapa. Mwambao wote una michikichi.
Nasema tu kwamba Kaniki alizunguka mara mbili
akajikunja katikati ya mafiga,
pale pale ambapo moto ungekuwa,
akafumba macho.

Jua likashuka. Nikamwita.
Nikapiga mluzi. Nikaenda botini,
nikaigonga sufuria ya dagaa kwa kijiko.
Nikapanda tena: ameinua sikio moja.
Ng'ambo, juu ya milima ya Kongo, wingu lilikuwa limeiva.
Nikamwambia, haya, tunachelewa,
na nikaisikia sauti yangu ikitoka dirishani,
ile ile, yenye mhuri.

Nikashuka kwa mara ya pili.
Boti nikaivuta hadi mahali wimbi halifiki,
kamba nikaifunga kwenye mwamba, fundo juu ya fundo.
Simu haikuwa na mtandao; Skolastika atanisamehe au hatanisamehe.
Nikachukua blanketi, nikachukua dagaa,
nikapapasa chini ya kiti cha nyuma
nikitafuta kiberiti.