Swali la Kumi na Nne

Mwalimu Sarangua aligawa karatasi
tukiwa bado na makoti,
maana bomba la joto la ukumbi lilikufa tangu Jumatatu
na pumzi zetu zilitangulia majibu.

"Homa ya ini aina ya B huambukizwa
kwa kulia chombo kimoja na mgonjwa.
Ndiyo. Hapana. Sijui."

Nyuma yangu Batkhuyag akanong'ona, "Ndiyo, bila shaka."
Mkono wangu, uliokwisha kutia vema
penye damu, penye sindano, penye wembe wa kinyozi,
penye mama na mtoto saa ya kuzaliwa,
mkono huo ukagoma.

Kwetu Arvaikheer baba ana bakuli lake.
La buluu, limemeguka ukingoni.
Mama huliosha mwisho, kwa maji yake,
huliweka peke yake juu ya kabati la dawa,
na hajapata kueleza, wala hatujapata kuuliza.
Nilijua kutoligusa kabla sijajua kusoma.
Wageni wakija, chupa ya ugoro ikizunguka,
baba huipokea kwa mikono miwili,
huinusa ikiwa imefungwa, huipitisha.
Nilidhani ni adabu tu.

Hapana, nikaandika.
Hapana, nikakoleza hadi karatasi ikatoboka.

Sarangua alisahihisha kwa kalamu ya kijani.
Nilipata yote. Akasema, "Vizuri,"
kisha akatugeukia sote:
"Na wangapi mmepima?"

Kujua, tunajua.
Kupima, mikono mitatu.
Wangu haukuwamo.

Alhamisi nikapanga foleni chumba namba nane.
Muuguzi alikuwa na mafua na haraka.
Akanifunga mpira, akatafuta mshipa,
akaniuliza kama nimekula.
Majibu yalipotoka sikuyasoma ngazini;
niliyasoma chooni, mlango umefungwa.
Sina.
Nikachomwa chanjo ya kwanza, zimebaki mbili,
na bega likauma siku nzima
kama deni lililokumbukwa.

Mwezi Mweupe nikarudi nyumbani kwa basi la usiku,
theluji pande zote, dereva akitafuna mbegu.
Baba akajimiminia chai ya maziwa, ya chumvi.
Kabla haijafika mdomoni
nikalitwaa bakuli mikononi mwake.

"Weka chini!" Mama alikwisha kusimama.

Nikanywa. Ilikuwa ya moto mno,
nikaungua ulimi, nikanywa tena.
"Haliambukizi," nikasema. "Bakuli haliambukizi, mama.
Miaka yote hii."

Hakuna aliyenijibu.
Baba aligeukia jiko,
akachochea samadi iliyokuwa ikiwaka vizuri tu,
akachochea, akachochea,
mabega yake yakicheza kidogo.

Usiku nikajilaza nikisikiliza beseni.
Vikombe. Sahani. Sufuria ya nyama.
Bado aliliosha mwisho.
Ila sikusikia akimwaga maji.